Pimbi Aliyemfanya Nyati Mfalme

Nitoe?
— Toa!
Ya kweli?
— Ya uongo!

Basi Mungu anisamehe, uongo huu nimeupokea tu, na mpaka leo haujanikaa sawa kichwani.

Ukame uliingia. Maji yalibaki katika kisima kimoja. Nyati akakizungushia ua wa miiba, akaweka lango, akalala mbele yake. Ukija na kibuyu anakuuliza, "Unataka pembe ya kulia au ya kushoto?" Wanyama wakarudi na vibuyu vitupu. Watoto wa Pimbi walikauka ndimi, hata kulia wakashindwa.

Pimbi huyu, mdogo kama kiatu, alisoma chuo. Akaja na mchezo wake wa kompyuta, wenye kioo, kitufe na kamba ndefu.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Kulia au kushoto?"

"Leo siombi maji, mzee. Nafanya utafiti. Nataka kujua mchezaji akiingia ndani ya hadithi anajisikiaje. Humu ndani wewe ni mfalme."

"Mfalme? Lete!"

"Subiri kwanza. Sisi watafiti haturuhusiwi kumficha mtu kitu. Lazima nikueleze, nawe ukubali. Kamba hii imetoka kwenye kitufe..."

"Nimekubali!"

"...inakwenda mpaka kwenye lango lako. Kwa hiyo ukibonyeza..."

"Nimekubali, we kidudu! Lete ufalme wangu!"

Pimbi akamkalisha, uso kwenye kioo, mgongo kwenye lango.

Ndani ya kioo alikuwamo mfalme Nyati, na kisima, na raia wenye kiu. Mfalme akawanyima. Raia wakaondoka. Upepo ukavuma, vuuu. Mfalme peke yake. Vuuu.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Mchezo wako mbovu. Hakuna kinachotokea!"

"Si mbovu. Ndiyo hadithi uliyoichagua. Bonyeza kitufe, uone nyingine."

Nyati akabonyeza kwa kwato. Ta! Ndani ya kioo lango likafunguka, ngoma zikalia, raia wakaimba jina lake. Nyuma yake, lango la kisima, kwiii! Vibuyu vya wanyama vikazama, gulu gulu gulu.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Vizuri! Na hiyo sauti ya maji, utadhani ya kweli!"

Kila wimbo ukiisha, lango linajifunga. Nyati anataka tena kuimbwa. Ta! Kwiii! Gulu gulu gulu. Ta! Kwiii! Gulu gulu gulu. Mpaka koo likamkauka, akageuka anywe. Akakuta tope.

"Maji yangu! Nani kafungua?"

"Wewe, mzee."

"Mimi nimefungua lango la mfalme!"

"Na mfalme ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi."

Nyati akatazama kioo. Akatazama tope. Akatazama kioo tena. "Sasa... mbona nilifurahi?"

"Hilo ndilo ninalolitafiti," Pimbi akasema. Kisha akanyanyua vibuyu viwili, kimoja kila mkono. "Kunywa, mzee wangu. Kulia au kushoto?"

Hapa ndipo ninapopotea. Pimbi alisema kweli tupu, na maji yakaondoka. Nyati alitoa kwa mkono wake, na hakutoa. Thawabu aandikiwe nani? Nimeomba nionyeshwe, sijaonyeshwa. Aliyenihadithia alisema funzo lake ni hili: ukiwa na kisima, usikubali kufurahi. Nami nalileta kama lilivyo.

Hadithi imeisha na koo langu limeisha. Wewe uliyekaa karibu na mtungi, naomba maji.