Hondohondo na Mvua ya Mawe

Paukwa!

Pakawa!

Ebo, mmeitika kama mmefunga! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa kubwa, na juu ya ziwa vilima viwili. Kimoja cha Kwale, kimoja cha Ngiri. Ziwa lile lilikuwa na visa. Likipumua asubuhi, wingu linapanda. Jioni wingu linapasuka vilimani, paa! paa! paa! Mvua ya mawe. Tena inapiga ukanda mwembamba tu. Huku migomba imechanika, kule jirani kaanika mtama.

Mtabiri wao alikuwa Bwana Hondohondo. Mdomo mkubwa, sauti kubwa, na kazi haikumtoa jasho. Kila asubuhi alipanda mtini, akatazama ziwa, akatangaza: "Ho! Ho! Leo mawe yataanguka kando ya ziwa!"

Kando ipi? Ziwa lina kando pande zote, jamani! Yakianguka popote, bwana mkubwa kapatia. Wanyama wanapiga makofi, wanamletea tini. Yasipoanguka? "Yameangukia katikati ya ziwa. Nani alikwenda kuangalia?" Nani kweli!

Basi mwaka ule Kwale alikuwa anaatamia. Mayai yake yako chini, nyasini, peupe. Kila akisikia ho! ho! anakimbia bondeni, anaburura majani ya mgomba, anaezeka kiota. Mawe hayaji. Kesho tena, anaburura, anaezeka, hayaji. Akakonda, akabaki miguu. Vifaranga wameanza kugonga ganda, ko, ko, ko, na mama yao hana nguvu ya kumfukuza panzi.

Akamwendea mtabiri. "Shikamoo, Bwana Hondohondo."

"Marahaba. Sema upesi, nasoma mawingu." Alikuwa anakula tini.

"Leo mawe ni kwangu au kwa Ngiri?"

"Kando ya..."

"Hiyo nimeisikia! Kwangu au kwa Ngiri? Nipe neno moja tu, baba, nipumzike."

Hondohondo akatazama juu, akatazama chini. Wanyama wote wanamsikiliza. Mtu mzima aseme hajui? Thubutu! Akavimbisha shingo: "Kwa Ngiri! Wewe nenda kale."

Ngiri, maskini, akajifungia shimoni na joto lote lile. Kwale akashukuru. Hakuezeka. Akaenda zake kutafuta panzi, akala akashiba.

Jioni, paa! paa! paa! Kwa nani? Kwa Kwale! Akakimbia, akatandaza mbawa juu ya mayai. Mawe yakamtwanga mgongo mpaka manyoya yakamnyonyoka. Yalipokoma, lilikuwa limebaki yai moja. Alilia mpaka Ngiri akamsikia kule ng'ambo.

Asubuhi, nani yuko mtini? "Ho! Ho! Nilisema mawe, hayakuja?" Makofi, pwa! pwa! pwa! Waliopiga ni wale waliolala pakavu.

Kwale akaja anaburura bawa. Akasimama chini ya mti. Aliyesema ni mke wa Hondohondo. Akina hondohondo wana desturi yao: mke akitaga, mume anamziba kwa udongo ndani ya shimo la mti, anamwachia ufa wa kupitishia chakula. Sauti ikatoka ufani:

"Mume wangu, jana nilikuuliza kama mawe yatafika kwetu. Ulinijibu nini?"

"Mama watoto, si hapa."

"Ulisema hujui. Ukaongeza udongo mlangoni. Mimi umenipa sijui, nimepona. Huyu mwenzangu, mayai yake yako chini, ukampa uhakika!"

Makofi yakakatika. Waliokuja na tini wakarudi nazo.

Tangu hapo Hondohondo hutangaza hivi: "Ho! Leo mawe huenda yakaanguka. Kwa nani, sijui!" Wanyama wananuna, eti mtabiri gani huyu? Lakini Kwale akisikia sijui, anashuka bondeni kuburura majani. Na yule kifaranga wake mmoja anashika upande wa pili.

Mafunzo yake ni haya: "sijui" yako usiiweke nyumbani ukagawa uhakika barazani. Na wewe unayeuliza, usimlazimishe mtu akupe neno asilo nalo, maana atakupa.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kama kesho itanyesha, msije kuniuliza mimi.