Mtumbwi Uliojengwa Uani

Tegeni masikio, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kesi hii itaishia mikononi mwenu.

Katika kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria waliishi watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja na kipawa chake. Bwire alikuwa na mkono wa useremala. Kitanda chochote kijijini ambacho hakikulia mtu akijigeuza kilitoka mikononi mwake. Nyangeta, mdogo wake, alikuwa na jicho. Angekuonyesha unywele ndani ya sufuria ya uji. Mama yao, Nyanjura, alikuwa na kipawa ambacho hakuna aliyekiita kipawa: akishaamua, ameamua.

Sasa sikilizeni desturi ya ufukwe ule. Mtumbwi huandikwa ubavuni jina la mtu mmoja, na mwenye jina ndiye mwenye mtumbwi. Yeye ndiye husema uende wapi na nani apande. Majina mawili hayaandikwi. Wanasema mtumbwi wa majina mawili huzunguka palepale. Nyangeta alilijua hilo tangu ubao wa kwanza. Nyumba ilikuwa ya Bwire, migomba ya Bwire, hata jiwe kubwa la uani lilihesabiwa la Bwire. Nyangeta alikuwa na mkeka na sanduku tu, na ndoto ya kuvusha watu kwenda sokoni ng'ambo ya ghuba, mwendo ambao kwa miguu hula nusu siku.

Bwire ndiye aliyeanza kujenga mtumbwi. Hakutaka kujenga ufukweni, maana mafundi wa mitumbwi walikuwa na midomo. "Kajengee uani kwako, fundi vitanda," walimwambia, "usije ukauwekea chandarua." Basi akajenga uani kweli. Miezi minne alipasua, akapiga randa, akakunja mbao kwa mvuke wa pipa, akapigilia misumari kwenye mataruma, zile mbavu za mtumbwi. Kidole gumba kilivimba, kikapona, kikavimba tena. Siku aliyoshusha nyundo, hata waliomcheka walikuja kuupapasa mtumbwi wakanyamaza.

Wote walinyamaza isipokuwa Nyangeta.

"Kaka, umeunga kama kitanda."

"Kwani kitanda kina ubaya gani?"

"Kitanda hakilali ziwani."

Akachota maji ndoo kwa ndoo, akaujaza mtumbwi palepale uani. Maji yakatoka kila upande, kuku wakakimbia. Bwire akashika kichwa. Nyangeta akashika mkaa. Alizunguka nje akichora alama kila palipotoka tone, akamwaga maji, akaukausha, kisha akaziba kila mwanya kwa pamba iliyochovywa mafuta, akiishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Akaujaza tena. Mara saba alijaza, mara saba alimwaga. Mara ya nane maji yalikaa siku tatu, na ubavu kwa nje ulibaki mkavu kama kiganja cha mchoyo.

Siku ya kuutoa, vijana kumi walikuja na magogo ya migomba ya kuviringishia. Hapo ndipo walipogundua lile ambalo mafundi wa ufukweni hawalifikirii kamwe. Bwire alipima mtumbwi uenee uani. Hakupima njia ya kutokea. Upande mmoja nyumba, upande mmoja lile jiwe, upande mmoja makaburi ya babu na bibi, na upande wa nne jiko la mama. Upenyo kati ya jiwe na jiko ulimtosha ng'ombe tu. Wakaulaza mtumbwi kwa ubavu, ukakwama kwenye kona. Wakausimamisha, ukayumba nusura umponde mtu.

"Tuukate katikati," kijana mmoja alisema.

"Ukatwe wewe kwanza," alijibu Bwire.

Kaburi halivukwi na mtumbwi, jiwe halina masikio, na nyumba ikibomolewa watu walale wapi? Macho yote yakaenda jikoni, kisha yakatazama chini kwa haya. Jiko lile Nyanjura alilijenga mwenyewe mwaka aliofiwa na mume. Alifyatua matofali yake, akayapanga yeye, na ndicho kitu pekee pale nyumbani ambacho watu walikiita chake bila kusita.

Mama alitoka na sufuria zake, akazipanga juu ya kaburi la mkwewe, akaomba radhi kwa marehemu, akarudi na shoka. Pigo la kwanza alilipiga yeye.

"Mama, ngoja sisi tu..." alianza Bwire.

"Nimejenga bila ninyi. Nitabomoa bila ninyi."

Masika yote yaliyofuata alipikia chini ya bati moja, moshi ukimfuata kama mdai. Siku ileile mtumbwi ulitoka, ukaingia majini, ukaelea bila tone.

Kwa hiyo akaitwa Tungaraza, mwandika vibao, aje na brashi.

"Andika Bwire," alisema Bwire. "Kila ubao hapo unanijua."

"Ulichotengeneza kilikuwa chujio," alisema Nyangeta. "Mimi ndiye niliyekifanya mtumbwi. Andika Nyangeta."

"Mdogo wangu, kesho utaolewa. Utaondoka na mtumbwi kichwani?"

"Hauhitaji kichwa, kaka. Unaelea. Ndiyo maana nautaka."

Vijana wakacheka, hata Bwire akacheka, lakini Nyangeta hakucheka. Akamgeukia mama, akitumaini neno moja la kumbeba.

Nyanjura alijifuta masizi usoni. "Mmetaja mbao, mmetaja pamba," alisema. "Jiko langu sijalisikia. Mimi nilikuwa na kitu kimoja chenye jina langu, na sasa ni njia ya mtumbwi. Tungaraza, jina langu unajua kuliandika?"

Nyangeta, aliyejua kuona kila mwanya, huu wa jiko hakuwa ameuona. Hakumwonea mama wivu wala hakuliachia dai lake. Alisimama tu, miguu majini, akiwa na haki mkononi na akimwona mwingine ana haki ileile.

"Nawasikia," alisema Tungaraza. "Lakini mimi ni mwandika herufi, si hakimu. Jina moja, tafadhali."

Haya, ninyi mlioketi hapa. Anayempa Bwire aniambie bila pamba ya Nyangeta ungeeleaje. Anayempa Nyangeta aniambie angeziba kitu gani. Anayempa mama aniambie jiko lingebomolewa kupisha nini. Wala msiniambie "wote", maana nimeshawaambia ubavu ule unapokea jina moja, na jina hilo ndilo litakaloamua nani anashika kasia na nani anaomba lifti.

Brashi imeshachovywa, na rangi inadondoka. Wewe hapo uliyetabasamu, nawe uliyekunja uso: mwambieni Tungaraza aandike nani?