Kanga na Mchicha Usio na Tundu

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya wenye njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakishika jembe, palikuwa na ndege Kanga, yule wa madoadoa. Alikuwa na vifaranga saba. Sita walikuwa na nguvu zao. Wa saba, Chembe, alikuwa mdogo, mdogo, mdogo kabisa. Upepo ukivuma, mama yake humfunika kwa bawa asije akapeperuka.

Mwaka huo mvua ikagoma. Nyasi zikakauka. Mbegu zikaisha. Vifaranga wakalia, "Mama, njaa! Mama, njaa!" Chembe hakulia, alinyamaza tu, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

Kando ya kijito palikuwa na bustani mbili za mchicha. Moja ya Nungunungu. Alitia samadi, alinyunyiza majivu, aliokota viwavi mmoja mmoja. Mchicha wake mfupi, majani yana matundu kama chujio.

Ya pili ya Ngedere. Yeye alibeba bomba la dawa mgongoni. Pshii! Pshii! Pshii! Mchicha wake mrefu, mpana, unameremeta, hauna tundu hata la kupenya sisimizi. Wanyama wote wakapanga foleni kwa Ngedere. "Nani ale makombo ya viwavi?" wakacheka.

Kanga akaanzia kwa Nungunungu.

"Hodi, mzee."

"Karibu, mama Chembe. Lakini mchicha tumeula wenyewe, umekwisha. Ngoja siku tatu uchipue."

"Siku tatu! Chembe atazifikisha?"

"Sina la kukudanganya, mama. Shamba langu halina mbio."

Moyo wa Kanga, du! du! du! Akaenda kwa Ngedere. Alipofika, akasimama. Bustani kimya, jii! Hakuna panzi. Hakuna nyuki. Hakuna hata siafu. Kanga huyu kala wadudu tangu utotoni, na hajapata kuona shamba lisilo na mdudu.

"Kaka Ngedere, wadudu wamekwenda wapi?"

"Wamehama! Wewe umefuata mboga au umefuata wadudu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kanga akaona aibu. Akachukua fungu lake, akaondoka.

Njiani anatembea, anasema: "Nikiwapa, hofu. Nisipowapa, njaa. Nikiwapa, hofu. Nisipowapa, njaa." Akayasuuza majani kijitoni mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Moyo, du! du! du! Lakini njaa ya mtoto haimpi mzazi nafasi ya kufikiri. Akawapa. Na kwa huruma, akampa Chembe jani kubwa kuliko yote.

Wakadonoa, ko! ko! ko! Wakafurahi. Kanga akaanza kujicheka kwa woga wake.

Mara Chembe akasema, "Mama, siisikii miguu yangu." Akatetemeka. Akaanguka, pu!

Jamani, mbio alizokimbia Kanga! Aliwaachia wale sita wamdondoshee mdogo wao maji, akaruka mpaka nyumbani kwa Ngedere. "Hodi! Hodi! Umepuliza nini? Niambie, nimtibu mwanangu!" Kimya. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Huko akakuta kitalu kidogo cha mchicha, kimezungushiwa miiba. Panzi wanaruka. Majani yana matundu. Na Ngedere ameketi na wanawe, wanakula.

"Kaka Ngedere," Kanga akasema, "mbona huu una matundu?"

Ngedere akajibu, "Huu... huu ni wa watoto."

"Na Chembe ni wa nani?"

Ngedere akainamisha kichwa. "Aliyenipa dawa aliniambia nikishapuliza, ningoje siku saba ndipo nivune. Nimepuliza jana. Ningengojaje, na foleni ile? Na tundu mlilikataa ninyi wenyewe!"

Kanga akakumbuka kuwa naye alisimama kwenye foleni ile. Akarudi mbio kwa mwanawe. Mchana kutwa akamtilia maji mdomoni, tone, tone, tone. Jua linapinda, Chembe akafumbua jicho moja. Alipona, lakini mguu wake mmoja hutetemeka hadi leo.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa watoto. Usichague chakula kwa kung'aa kwake, muulize aliyekilima, "Wanao wanakula kipi?" Nawe mkulima, usimlishe mtoto wa mwenzio usichoweza kumlisha wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, na chakula kiko jikoni. Atakayekwenda kupakua, aniulizie kimetoka wapi.