Jina Moja kwenye Riwaya ya Mbonea

Hapo zamani, nanyi tegeni masikio maana mtahukumu, aliishi Same karani mstaafu aitwaye Mbonea. Alianza kuandika riwaya akiwa na nywele nyeusi. Alipoandika “Mwisho” katika daftari la tisa, kichwa kilikuwa cheupe.

“Kesho napanda basi, naipeleka kwa mchapishaji!” alisema.

Mkewe, Namkunda, akayafungia madaftari sandukuni, akaenda na ufunguo kwa binti yao Kiende, aliyeko mjini Moshi. Wiki sita! Mbonea alibembeleza kwa simu, akanuna, wapi! Sanduku lilipofunguliwa, alisoma kama mgeni, akashika kichwa: mzee aliyezikwa sura ya tano alikuwa anakula pilau harusini sura ya kumi.

Akarekebisha, kisha akamsomea dada yake, Nakijwa. Nakijwa akasinzia. Akamwamsha, akaendelea; akasinzia tena. Kila alipokoroma, Mbonea alitia alama nyekundu kwa hasira. Mara kumi na nne! Alipozirudia alama, akaona haya. Kila palipo na alama palikuwa na hotuba. Akazifuta hotuba zote.

Akampelekea Shafii, fundi cherehani mpenda vitabu. Shafii akalichanganya daftari la kwanza na makaratasi yake, akalikata kupimia mikono ya magauni. Mbonea nusura azimie. Lakini alipolifungua la pili, hadithi ilianza mbio tangu mstari wa kwanza. Lile lililokatwa lilikuwa la mvua na ukoo tu.

Riwaya ikakubaliwa. Mchapishaji akaandika: “Tabaruku, pale unapomtunukia mtu kitabu, ina nafasi ya jina moja.”

Wakaja wote watatu.

“Baba Kiende, bila mimi ungepeleka maiti anayekula pilau,” alisema Namkunda.

“Kaka, nani mwingine angekwambia ukweli hata akiwa usingizini?” alisema Nakijwa. “Shingo inaniuma mpaka leo.”

“Mzee, mimi ndiye niliyeipa mwanzo,” alisema Shafii.

“Wewe hukukusudia!” Namkunda akamaka.

“Kwani dada Nakijwa alikusudia kukoroma?”

“Na wewe wifi,” Nakijwa akadakia, “uliificha makusudi, au ulitaka tu kupumzika kwa mwanao?”

Namkunda akajifanya kufunga kanga.

Mbonea akashika kalamu, akawatazama. Huyu ndiye anayempikia, huyu ni damu yake, na huyu wa tatu ana suruali yake ya sikukuu, haijashonwa bado.

Haya, wenzangu, jina ni moja tu. Je, nani alistahili?