Mtambo wa Wanamwamba

Paukwa!

Pakawa!

Zamani, wadogo kwa wakubwa, wanyama wa mwambani waliunda chama. Adui yao alikuwa Tai. Desturi yao ilikuwa moja: amwonaye Tai hupiga yowe, na aliye karibu huitika, "Nimesikia, naja!" Yowe lisipoitikwa, hupigwa tena mpaka liitikwe.

Siku moja Kunguru mchuuzi akaleta mtambo. Una kamera ya kutazama mbingu. Ukimwona Tai, unaziliza simu za wanachama wote.

"Mpaka leo mnapiga mayowe?" akawacheka. "Wenzenu wa bondeni wameshaacha ushamba huo."

Ngiri, mwenyekiti, akasimamisha mkia. "Wanaokubali?"

Kwato juu, mabawa juu. Kanga naye akainua bawa.

Jioni mkewe, aliyekuwa akiatamia mayai, akamuuliza, "Mume wangu, mtambo ukilia, nani atakuja?"

"Wote, mke wangu."

Mtambo ukafungwa kileleni mwa mwamba. Ti-ti-ti! Wakakimbia. Kumbe ni wingu tu. Ti-ti-ti! Wakakimbia. Jani. Ti-ti-ti! Wakatazamana.

Asubuhi moja, ti-ti-ti! Kanga alikuwa akidonoa mchwa. Akainua shingo. Akamwona Digidigi, karibu na kiota kuliko yeye. Akasema moyoni, Digidigi atakwenda. Akadonoa tena.

Vuuu! Pu!

Aliporudi kiotani aliyakuta mayai. Alikuta na manyoya yenye madoa. Mkewe hakumkuta.

Chama kikakutana. Kunguru akasema, "Poleni. Ninao mwingine, sauti yake kubwa zaidi."

"Wanaokubali?" akauliza Ngiri.

"Sauti niliisikia, mwenyekiti," Kanga akasema taratibu. "Nilidhani Digidigi atakwenda."

Digidigi akainamisha kichwa. "Nami nilidhani utakwenda wewe, kaka. Mke ni wako."

 

"Mtambo ubaki," akasema Kanga. "Ila hatutoki hapa kabla ya kupanga. Ukilia, nani aende? Asipokuwepo, nani ashike zamu yake? Ukilia bure, nani aurekebishe?"

"Nani ataanza?" akauliza Ngiri.

"Mimi."

Kesho yake, ti-ti-ti! Digidigi akaja kuyalinda mayai. Kanga akakimbia, akapanda, akafika kileleni akihema. Lilikuwa wingu.

"Nimefika!" akapaza sauti, wote wasikie. "Ni wingu!"

Kisha akashuka, akayaatamia mayai.

Wenzangu, chombo cha wote kisicho na mwenye zamu hakimlindi yeyote. Kabla ya kununua kiitacho, pangeni aitikaye.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika. Zaidi ya hapo sina.