Mbeta Tatu za Bibi Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Mianzi yadondosha!
Tukinge!
Isipodondosha?
Tukinge hadithi!

Hapo kale, kwenye bonde la mianzi, aliishi Bibi Pimbi, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kila alfajiri alikata chipukizi la mwanzi, akaning'iniza mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia. To, to, to! Utomvu ukadondoka, mtamu. Na kila siku Pimbi alishangaa upya. "Ee Mungu, sukari hii umeitia lini?" Hunywa kikombe kimoja, hushukuru, basi.

Jumamosi moja alikuwa na mbeta tatu za harusi ya bintiye, kesho yake. Bila ulanzi, wakwe wangerudi kwao wamenuna, na binti wangemwacha hapohapo.

Mara ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko, mzee wa kanisa, huyo hapo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pombe ni dhambi. Zilete mbeta hizo kanisani, nikazimwage."

"Lakini Mzee, kikombe kimoja dhamiri yangu hainisuti."

"Dhamiri yako nitakutunzia mimi." Akameza mate. "Tena uzizibe sana, harufu isitoke."

Pombe ya kumwagwa inazibwa ya nini? Kila mgema anajua: ulanzi mpya hufunikwa kwa nyasi tu, upumue. Ukizibwa, hukasirika. Lakini mkubwa kasema! Mbeta mbili akazigongelea vizibo, ko! ko! ko! Ya tatu akaifunika kwa nyasi. Kiboko akazificha zote chini ya mimbari.

Jumapili kanisa likajaa, mabati yakapata moto. Kiboko akahubiri: "Mimi, tone halijagusa ulimi wangu!"

PUUU! Mimbari ikaruka. PUUU! Povu jeupe likapanda hadi kwenye mabati, likamshukia Kiboko kichwani, taratibu. Twiga akapiga magoti. Nyati akalia. Hata Pimbi aliyejua alitetemeka: matone yale madogo, na nguvu zote hizi!

"Ni Shetani!" akanguruma Kiboko. Lakini ulimi wake haukusikia mahubiri. Ulitoka wenyewe. Lamba, lamba, lamba, mbele ya waumini wote.

Pimbi akasema kwa adabu, "Mzee, ukimaliza kuzimwaga, tufunge ndoa."

Mbeta ya tatu ilikuwa nzima. Wakwe walipata kikombe kimoja kimoja, wakaimba mpaka jua likazama, na binti wakaenda naye.

Hadithi imekauka, mwenye kiu akakinge kwake. Na funzo, wanangu: jiepusheni kabisa na ulanzi. Si mmeona ulivyomlowesha mtu asiyeonja hata tone!