Idabel, Mashua ya Julai

Mbachao ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, nao ukipita begani mwa mwenyewe huyavuta macho ya watu. Wahenga walituonya tusiutupe ule tunaoukalia kwa kuutamani huu upitao, maana upitao una mwenyewe, na mwenyewe ndiye ajuaye aendako. Norbert Pilarski wa Alpena, kando ya Ziwa Huron, hakuwahi kuisikia methali hii. Alifunzwa na ulimwengu.

Norbert alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha saruji. Yeye na mkewe, Geri, walikuwa na mashua ya matanga iitwayo Idabel, waliyoinunua kwa mtu mwaka ule binti yao alipoolewa. Ilikuwa mashua ndogo, ya kukokotwa na gari juu ya trela. Ndani yake mtu mzima hakuweza kusimama. Suruali ilivaliwa kwa kulala chali, miguu juu, kama mtoto anayebadilishwa nepi. Majirani hawakuacha kuwatania.

"Haya, ndiyo mnakwenda tena kulala kabatini?"

"Kabati lenye madirisha," Geri aliwajibu, "na kila asubuhi dirishani pana kisiwa kipya. Nyie dirishani kwenu pana nini, kama si sisi?"

Kila Julai ilipoingia, waliifunga trela nyuma ya pikapu, wakavuka daraja la mpakani hadi Kanada, wakaishusha Idabel majini na kupotelea visiwani mpaka Agosti ilipokaribia kwisha. Mkuku wake, ule ubao wa chini unaoishikilia mashua isiinamie upande, ulivutwa juu kwa kamba, kwa hiyo mashua ilijipenyeza kwenye vihori vya maji machache ambavyo boti kubwa ziliishia kuvitazama kwa mbali. Humo walichuma matunda madogo ya buluu yaliyoota kati ya miamba ya rangi ya waridi, wakayatia kwenye chapati za maji. Mvua ikinyesha mfululizo, walicheza karata magoti yakigusana, na Geri aliiba waziwazi. Upepo ukiwakatalia, waliipandisha Idabel kwenye trela na kwenda kuutafuta kwenye ziwa jingine. Hawakuwa matajiri, lakini hapakuwa na mfalme aliyelala usingizi kama wao.

Basi majira fulani ya kupukutika majani, Duane Schermer, aliyekuwa mwenzake Norbert kiwandani kabla ya kufungua biashara na kuiuza kwa faida, alinunua boti kubwa ya matanga. Alimwita Norbert aje kuiona. Norbert akaingia ndani, akasimama wima, akanyoosha mikono juu, na bado dari hakuigusa. Palikuwa na friji, bafu la maji moto, na kitanda ambacho mtu angeweza kukizunguka pande zote.

"Mwakani tunashuka nayo hadi Bahama," Duane alisema huku akimpiga bega. "Mwaka mzima, bwana! Wewe na Geri, mimi na mke wangu. Mimi hata fundo la kamba silijui. Nahodha wangu ni wewe."

"Unasema kweli?"

"Nimewahi kukudanganya? Lile kabati lako sasa la nini? Liuze, mzee mwenzangu. Utajigonga kichwa mpaka lini?"

Norbert alirudi nyumbani akielea kwa furaha. Tangu siku hiyo kila alipoiona Idabel uani aliona kasoro: rangi imepauka, mito inanuka ukungu, mlango haufungi sawasawa. Wiki hiyohiyo muuguzi mmoja, Colleen Bouchard, alipita na mumewe akaulizia kama mashua ile inauzwa. Geri alikuwa Toledo, kwa dada yake. Norbert hakumpigia simu. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake halikutaka hata kuulizwa kama linaumwa. Akakubali, na trela ikatoka uani.

Geri aliporudi alishuka garini, akasimama mbele ya nyasi zilizogeuka manjano mahali Idabel ilipokuwa.

"Imekwenda kutengenezwa?"

"Nimeiuza, mpenzi. Tunapata kubwa zaidi."

"Tunapata," Geri alirudia taratibu, "au tunakaribishwa? Maana boti ya Duane ni ya Duane, Norbert. Na Idabel haikuwa yako. Ilikuwa yetu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza! Alichukua sanduku lake akaingia ndani, na majira yote ya theluji waliongea habari za mkate, za makaa na za wajukuu, kama wapangaji wawili wanaostahiana.

Barafu ilipoyeyuka, Duane aliiteremsha boti yake ziwani kwa majaribio, Norbert akiwa usukanini. Hawakuwa wamefika mbali upepo ukakaza kidogo, boti ikainama ubavu kama ilivyo desturi ya matanga. Kwa Norbert huo ulikuwa upepo wa kupigia mluzi. Lakini mke wa Duane alitapika mpaka akaomba afe, na Duane mwenyewe aling'ang'ania nguzo kwa mikono miwili, uso mweupe kama unga.

"Irudishe!" alipiga kelele. "Norbert, irudishe, inapinduka!"

"Haipinduki, Duane. Inatembea tu."

"Nimesema irudishe!"

Siku chache baadaye Duane alimpigia simu, sauti imechangamka. "Boti imepata mteja, bwana. Tumeamua kununua nyumba Arizona. Huko hata dimbwi hakuna!" Akacheka.

"Na Bahama?"

"Aa, yale yalikuwa maneno tu. Ni boti tu, Norbert, usikunje uso."

Norbert alikata simu akakaa jikoni mpaka kahawa yake ikapoa. Julai ikaja. Pikapu ilikuwa uani, nyuma yake hakuna kitu. Mwishowe alijikaza akaenda kwa Colleen, kofia mkononi, akamwomba amrudishie Idabel.

Colleen alimsikiliza hadi mwisho. "Mzee wangu, ungekuja kabla hatujalala ndani yake, ningekupa. Tumeshalala. Mume wangu hajacheka vile tangu ampoteze mama yake. Siwezi." Kisha akaongeza kwa aibu, "Lakini Jumamosi tunaondoka, na mlingoti bado unatushinda kuusimamisha. Ungetusaidia?"

Jumamosi Norbert alifika kwenye mteremko wa kushushia mashua, na Geri akaja naye bila kuombwa. Norbert aliwaonyesha jinsi ya kuuinua mlingoti bila kuupinda, kamba ipi huanza na ipi hungoja. Geri alimvuta Colleen kando, akamchorea kwa kidole kiganjani njia ya kuingia kwenye kihori kimoja ambacho yeye na Norbert hawakuwahi kumtajia mtu yeyote. "Vuta mkuku juu kabisa," alimwambia, "na usiogope mwamba wa kushoto. Unatisha tu."

Idabel ikateleza majini, tanga likajaa, ikaondoka bila kugeuka. Wazee wawili walibaki gatini wakiitazama mpaka ikawa nukta.

"Nisamehe, Geri," Norbert alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

Geri alimshika mkono. "Nilikusamehe tangu Pasaka, mzee. Lakini Julai siwezi kukurudishia."

Waliurudia mteremko polepole, wakapanda pikapu yao isiyovuta kitu, wakarudi nyumbani kupitisha kiangazi chao cha kwanza mbele ya dirisha lisilobadilika. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.